Amana ya Kalamu: Je, Kuutengeneza Uandishi ni Pambo au ni Deni?

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha mwanadamu kwa kalamu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baadu. Watu wengi hudhani kuwa kuutengeneza uandishi ni jambo la mapambo, mfano wa nakshi katika mlango wa nyumba: ikiwapo ni uzuri, na isipokuwapo nyumba hukaliwa vile vile. Kwa dhana hiyo, ajuaye kushika kalamu na kuziunga herufi hujiona amekwisha hitimu. Akiambiwa kuwa maneno yake hayafahamiki, humwona mwambiaji ni mwenye husuda au mtu asiyesoma. Dhana hii si ya kweli, na madhara yake hayamrudii mwandishi peke yake, bali humfikia mtu mwingine asiyekuwa na kosa lo lote. Kwa hivyo mas-ala yataka kutazamwa kwa utaratibu: je, mwenye kuandika vibaya kwa kutojua, na hali nia yake ni njema, ana lawama au hana?

Na upigwe mfano wa jambo liwezalo kutokea katika nchi ya Kisarawe na Kibaha, kwani mfano wa karibu hufahamika upesi kuliko wa mbali.

Mzee mmoja wa upande wa Maneromango ana kishamba chake chenye minazi na mikorosho. Ada ya Pwani tangu zamani ni kuwa mti waweza kuwa mali ya huyu na udongo ukawa wa yule. Mtu huweka rehani minazi yake asiweke ardhi. Na aliyepanda mnazi kwa ruhusa katika kiwanja cha mwenziwe hula nazi zake, wala haambiwi kuwa ardhi imekuwa yake. Na neno shamba, katika vinywa vya wazee wengi, hukusudiwa ile miti iliyopandwa kabla ya kukusudiwa udongo uliobeba miti hiyo.

Siku moja mzee huyu apatwa na haja ya fedha, naye ataka kuuza. Amwendea kijana wa pale mjini Kisarawe asifiwaye kwa mwandiko wake. Kijana aandika kuwa mzee fulani amemwuzia bwana fulani shamba lake lililo karibu na mwembe mkubwa, kwa fedha kadha wa kadha, kwa hiari yake na akili zake timamu. Tarehe yatiwa, mashahidi watia dole gumba, na karatasi yapendeza machoni kwa usafi wake. Watu washikana mikono, na kila mmoja ashika njia yake.

Miaka 10 yapita. Mzee amekwisha kufa, mwembe umekatwa ukachomwa mkaa, na mji wa Dar es Salaam umezidi kupanuka hatta viwanja vya upande ule vimekuwa na thamani isiyokuwapo zamani. Mnunuzi aja na mafundi kutaka kujenga nyumba. Watoto wa marehemu wamwambia, "Baba yetu alikuuzia minazi, hakukuuzia ardhi." Naye awajibu, "Mimi nilinunua shamba, na shamba ni ardhi." Wote wawili watoa hoja katika karatasi ile ile moja, na wote wawili waisoma sawa sawa. Wala hapana mwongo kati yao. Mnunuzi aamini alilolifahamu, na watoto waamini walilolisikia kwa baba yao. Aliyeweza kuwaamua ni mwembe, nao haupo, au ni mzee, naye yu kaburini.

Nani basi aliyekosa? Mzee hakudanganya, na mnunuzi hakuiba. Mashahidi walishuhudia walichokiona. Kijana mwandishi naye hakula rushwa, wala hakuzidisha neno, wala hakupunguza. Lakini ugomvi wote huu umetoka chini ya kalamu yake. Neno shamba lilikuwa na maana mbili, naye hakuuliza ni ipi. Na mwembe ni alama iwezayo kukatwa, naye aliufanya kuwa mpaka.

Huenda mtu akasema kuwa amali hupimwa kwa nia, na kijana huyu nia yake ilikuwa njema, basi hana lawama. Jawabu yake ni kuwa nia njema humwondolea mtu dhambi ya khiana, lakini haimrudishii mwenye shamba shamba lake. Mafakihi wamesema juu ya mtu atibuye watu na hali haujui utabibu kuwa akimdhuru mgonjwa ni juu yake kudhamini, wala hawakumwachilia kwa kusema kuwa alitaka kumponya. Mganga hushika mwili wa mtu, na mwandishi hushika haki ya mtu. Na haki ikivunjika huumiza watu wengi zaidi, kwani hurithiwa ikiwa imevunjika.

Lakini yapasa kufanya insafu. Mtu hazaliwi na ujuzi, na kila fundi ameharibu mbao kabla ya kutoa kitanda. Aliyekosa mara ya kwanza kwa kutojua si sawa na aliyeambiwa kosa lake akalidharau. Lawama iliyo kubwa haiko katika kutojua. Iko katika kuridhika na kutojua. Na hapa ndipo panapo mzizi wa mas-ala yote.

Msomaji na aizingatie ile aya iliyo ndefu kupita aya zote za Kurani, katika sura ya Al-Baqara. Mtu angedhani kuwa aya ndefu kuliko zote itakuwa katika mambo ya pepo na moto, au katika khabari za Mitume. Nayo imeshuka katika jambo la kuandikiana deni. Ndani yake mna amri kwa mwandishi aandike kwa uadilifu, na mna katazo asikatae kuandika, kwa kuwa ujuzi wake amefunzwa na Mwenyezi Mungu. Mna kadhalika kuwa asomaye maneno ya kuandikwa ni yule aliye na haki juu yake, yaani mwenye kudaiwa, naye akiwa dhaifu au hawezi kusema, msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kuandika deni: wengine wamesema ni wajibu, na wengi wamesema ni jambo lililopendekezwa. Lakini hapana aliyekhitalifu kuwa mwandishi akiisha kuishika kalamu, uadilifu umekuwa juu yake.

Sasa mambo haya mawili yakiwekwa pamoja hutoa jambo la tatu. Mwandishi amekatazwa kukataa, hawezi basi kusema, "Naogopa kukosea, sitaandika." Na mwandishi ameamrishwa uadilifu, hawezi basi kusema, "Nimeandika nilivyoweza, yaliyobaki si yangu." Mlango wa kukimbia umefungwa, na mlango wa uzembe umefungwa. Umebaki mlango mmoja tu, nao ni kujifunza. Kwa hivyo kuutengeneza uandishi si nakshi ya mlango, bali ni nguzo. Na mwenye nyumba asiyetengeneza nguzo yake hamdhulumu mpita njia aitazamaye nyumba, humdhulumu aliyelala ndani.

Baada ya kuthibiti hayo, yafaa kutazama namna ya kujifunza kwenyewe, kwani kumwambia mtu jifunze bila ya kumwonyesha njia ni kumzidishia mzigo.

Jambo la kwanza ni mwandishi kuyasoma maandishi yake mbele ya mwenye jambo. Watu wa zamani waliijua njia hii. Mtoto chuoni hakuachiwa aende na ubao wake kwa kuwa amekwisha andika. Alikaa mbele ya mwalimu akasoma alichokiandika, na kosa likiwapo lilifutwa palepale. Wanavyuoni wa hadithi nao hawakukitegemea kitabu kilichonakiliwa hatta kilinganishwe na asili yake neno kwa neno, na kazi hiyo waliiita mukabala. Zaid bin Thabit alipoamrishwa na Sayidna Abubakar kuikusanya Kurani, baada ya vita vya Yamama, alikuwa yeye mwenyewe ni hafidhi na ni mwandishi wa Mtume. Juu ya hivyo hakuitegemea hifadhi yake peke yake. Alitafuta yaliyoandikwa na akataka ushahidi. Ikiwa aliyekuwa na elimu ile hakujiamini peke yake, vipi ajiamini mwandishi wa leo katika hati ya shamba?

Walakini katika kusoma mbele ya mwenye jambo mna hila moja ambayo mwandishi apasa kuijua. Akimaliza kusoma na kumwuliza mzee, "Umefahamu?" mzee atajibu kuwa amefahamu, hatta kama hakufahamu neno, kwani watu wa Pwani wana haya, na mtu mzima huona vibaya kukiri mbele ya kijana kuwa maneno yamempita. Njia iliyo salama ni kumwambia, "Babu, nieleze wewe kwa maneno yako hii karatasi yasemaje." Hapo mzee asemapo, "Yasema nimeuza minazi yangu," na karatasi imesema shamba, mwandishi ataliona kosa lake mara moja, na kulitengeneza kutamgharimu karatasi moja tu. Likiachwa miaka 10 litagharimu udugu wa watu.

Jambo la pili ni kuvijua vitu kwa majina yake na kwa vipimo vyake. Mtu huandika kiasi, au mbali kidogo, au siku hizi, naye adhani kuwa amesema kitu. Mkulima wa mikorosho wa Kisarawe, akipewa karatasi imwambiayo apulizie salfa kiasi mti uingiapo ubwiriunga, hakupewa elimu, amepewa kitendawili. Kiasi cha mwandishi chaweza kuwa kijiko, na kiasi cha mkulima kikawa kopo. Na mgonjwa aambiwaye anywe dawa mara nyingi, atakunywa mara ngapi? Kibaha, lilipoanzishwa mwaka 1963 shirika la elimu kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya, likaja kukabidhiwa serikali ya Tanzania mwaka 1970, viliwekwa pamoja mahali pamoja shule, na matibabu, na mafunzo ya wakulima. Katika kukutanishwa huko mna funzo kwa mwenye kalamu: wote watatu, mwanafunzi na mgonjwa na mkulima, huishi kwa maandishi ya watu wengine, na neno lisilo na kipimo huwadhuru wote watatu, kila mmoja kwa namna yake.

Katika watu wa nchi hizi walioijua kazi ya kuvitaja vitu kwa majina yake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Göttingen mwaka 1903, ameeleza kuzaliwa mtoto, na chuo, na jando, na harusi, na mazishi, kwa kutaja kilichofanywa, na aliyekifanya, na kilichotolewa. Hakutosheka na kusema kuwa harusi ilikuwa ya fahari. Alieleza yaliyotendeka, na msomaji akaiona fahari mwenyewe. Kwa sababu hiyo kitabu chatafutwa hatta leo na watu wanaotaka kujua walivyoishi babu zao, na zaidi ya miaka 100 imepita.

Na katika khabari ya kitabu hicho mna mazingatio mengine. Jina lililowekwa juu yake lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyeyakusanya maandishi hayo kwa Mtoro na kwa Waswahili wengine. Na mwaka 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza ilipotoka ikiwa na jina la Mtoro katika anwani yake. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1927. Aandikaye kwa ajili ya jina lake huenda asilipate jina hilo katika uhai wake wote. Lakini aliyeandika ili jambo lijulikane kama lilivyo, jambo lenyewe hubaki na faida yake hatta jina likicheleweshwa. Hii haina maana kuwa kuificha kazi ya mtu ni halali. Haki ya mwenye kazi ni haki, na kumnyima ni dhuluma. Maana yake ni kuwa mwandishi asiifanye sifa kuwa ndio mshahara anaoungojea ndipo aandike vizuri.

Jambo la tatu ni kuyaacha maneno yaliyotiwa kwa kujionyesha. Wapo waandishi ambao wakijua maneno kumi ya Kiarabu au ya Kiingereza, hawalali mpaka wayatie yote katika barua moja. Barua hiyo humpendeza aliyeiandika, na aliyepelekewa huitafutia mtu wa kumfasiria. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa mwanachuoni, na kama angetaka kuonyesha elimu yake, Kiarabu kilikuwa mkononi mwake. Lakini alipotoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alisema na watu kwa Kiswahili chao, kwa kuwa aliowataka wafahamu ni wale wasioweza kusoma vitabu vikubwa. Alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na wala Kiswahili hakikumpunguzia heshima. Na Kisarawe imetokewa na mfano wa namna yake mwaka 1965, ilipopigwa chapa Masimulizi juu ya Uzaramo ya Ramadhani Mwaruka; na jina lenyewe la kitabu lamwambia msomaji kuwa yaliyomo ni mambo ya kusimuliwa, yametoka vinywani mwa watu. Neno la Kiarabu au la Kiingereza likiwa ndilo linalojulikana, litumiwe, kwani Kiswahili kimepokea mengi na yamekuwa yake. Likiwa la kujionyesha, liachwe.

Jambo la nne ni kutofanya haraka. Zamani barua ya kutoka Kibaha kwenda Maneromango ilimngoja mchukuzi, na katika kungoja huko mwandishi aliweza kuisoma tena, akaona neno la hasira akalifuta. Leo mtu huandika katika simu, na kabla hajapumua maneno yamekwisha fika, yamesomwa, na yamepelekwa kwa watu wengine ambao hawakukusudiwa. Chombo hakina kosa, kwani hicho hicho huleta khabari ya mgonjwa kwa wakati na kuokoa maisha. Kosa liko kwa mwandishi aliyedhani kuwa upesi wa chombo ni amri kwake naye afanye upesi. Asomaye maneno yake mara moja kabla ya kuyapeleka hupoteza dakika, na asiyeyasoma huenda akapoteza rafiki.

Jambo la tano, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kukubali kusahihishwa, hatta baada ya maandishi kutoka na kuenea. Mambo manne yaliyotangulia yahusu mkono na akili. Hili lahusu nafsi, na nafsi ndiyo isiyopenda. Mtu aweza kujua kuwa amekosa na akaliacha kosa lake lisimame, kwa kuwa kulirudia ni kukiri.

Imamu Shafi, ambaye Waislamu wengi wa Pwani hii hufuata madhehebu yake, alitunga kitabu chake cha Risala, kikaenea, na watu wakakisoma. Alipohamia Misri alikitunga upya, na katika mas-ala mengi ya fikihi aliacha kauli yake ya kwanza akashika ya pili, hatta wanafunzi wa madhehebu mpaka leo husoma kauli ya kale na kauli mpya. Imesimuliwa na wanafunzi wake kuwa Risala ilisomwa mbele yake mara nyingi, na kila mara ilionekana sehemu ya kutengenezwa, naye akakiri kuwa kitabu kisichokuwa na kosa ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu tu. Alifariki Misri mwaka 204 wa Hijra, sawa na mwaka 820. Heshima yake haikupungua kwa kuyarudia maneno yake; bali kule kurudia kumehesabiwa katika dalili za ucha Mungu wake.

Na hekima haikataliwi kwa kuwa imetoka kwa mtu wa dini nyingine. Mwalimu Julius Nyerere alisomesha katika shule ya Pugu, njiani baina ya Dar es Salaam na Kisarawe, hatta mwaka 1955. Mwaka 1963, naye amekwisha kuwa Rais, ilitoka tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar. Ni nani angethubutu kumwambia Rais kuwa kitabu chake chataka kutengenezwa? Angaliweza kukiacha kama kilivyo, na watu wangalikisifu. Lakini mwaka 1969 kilitoka tena kimesahihishwa, na hatta jina la juu lilibadilishwa likawa Juliasi Kaizari, likaandikwa kama Mswahili alitamkavyo. Aliyekuwa na serikali mkononi hakuona aibu kurudia maneno yake mwenyewe. Basi mwenye kalamu ya kuazima aone aibu gani?

Hapa yapasa kujibu swali moja ambalo huwasumbua watu wenye nia safi. Mmoja wao husema, "Ikiwa kosa dogo laweza kuwadhulumu watu, na ikiwa hatta maimamu waliyarudia maneno yao, mimi ni nani niandike? Afadhali ninyamaze." Maneno haya kwa nje ni unyenyekevu, na kwa ndani huenda yakawa ni kuukimbia mzigo. Akinyamaza mwenye kuogopa, kalamu haitatupwa. Itashikwa na asiyeogopa. Mzee wa Maneromango atauza shamba lake siku ile ile, kwani haja haingoji, na ataandikiwa na mtu wa kwanza atakayemkuta. Hofu ya kukosea ni neema ikiwa yampeleka mtu kuuliza, na kusoma tena, na kusikiliza. Ikimpeleka kukaa kimya na hali haki ya mtu yapotea mbele yake, imekwisha kuwa ni udhuru tu.

Na mtu asidhani kuwa haya yote ni ya waandishi wa hati peke yao. Aandikaye barua ya posa, na aandikaye wasia, na mwalimu aandikaye ubaoni, na khatibu atayarishaye khutuba, na karani wa kijiji aandikaye yaliyosemwa katika mkutano, wote wameshika amana moja. Kila mmoja wao ana mtu upande wa pili wa karatasi ambaye hatakuwapo kuuliza maana. Mwenye kusema kwa mdomo humwona msikilizaji akikunja uso, naye hurudia. Mwandishi haoni uso. Kwa hivyo yampasa autie uso huo moyoni mwake kabla ya kuandika, ajiulize: huyu atakayesoma, naye hanijui, wala mimi sipo, ataelewa nini katika neno hili?

Na sasa msomaji na arudi pale Kisarawe, kwa mzee yule na kijana yule, siku ile kabla dole gumba halijatiwa. Kijana hana haja ya kuwa bingwa, wala ya kupata cheti cha pili. Alihitaji maswali matatu au manne tu. Angeuliza, "Babu, wauza miti, au ardhi, au vyote viwili?" Angeuliza, "Miti ni mingapi, na yote ni yako?" Angeuliza, "Kila upande umepakana na nani?" Kisha angeandika kuwa mzee fulani amemwuzia bwana fulani ardhi pamoja na minazi 42 iliyo juu yake, kuwa mashariki yapakana na shamba la fulani, na magharibi na njia ya kwenda kisimani, na kaskazini na fulani, na kusini na kijito, na kuwa mikorosho 3 iliyo ukingoni mwa kijito haimo katika mauzo haya, kwani ni mali ya dada yake. Kisha angemwomba mzee amweleze kwa maneno yake alichokiuza, mbele ya mnunuzi na mashahidi, kabla ya mtu kutia kidole.

Maandishi hayo hayana uzuri wa kutajwa, na hapana atakayeyasoma harusini. Lakini mwembe ukikatwa hayageuki, na mzee akifa yaendelea kusema alilolisema. Dada wa mzee, ambaye pengine hakuwapo siku ile wala hajui kusoma, atakula korosho zake kwa amani, wala hatajua kuwa palikuwa na kijana aliyeuliza swali moja la ziada kwa ajili yake. Malipo ya kijana huyo yako kwa Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna kilichoandikwa kikampotea.

Basi na kila mwenye kalamu aitazame kazi yake ya jana, na kama mna neno lisilofahamika alitengeneze leo, maadamu mwenye kulisema yu hai na mwembe ungaliko.

Ewe Mola, utufundishe yenye manufaa, na utunufaishe kwa uliyotufundisha, wala usijaalie kalamu zetu kuwa sababu ya dhuluma kwa waja wako. Amin.

Wabillahi taufiki.